Lori Limerudi Magunia Hamsini

Saa moja na nusu asubuhi, lori la kijani limesimama katika yadi ya ukaguzi, injini inanguruma. Mkaguzi anaingiza kipimo kwenye bomba la moshi. Dereva, mwanamume wa miaka sitini na mmoja ambaye wenzake humwita Mzee Gia, hatazami kipimo. Anatazama viatu vyake.

Mwezi uliopita alishindwa. Leo akishindwa tena, lori halitaruhusiwa kuingia soko la jumla, na soko hilo ndilo linalomlisha.

"Mara ile moshi wako ulikuwa mweusi kama sufuria ya kuni," mkaguzi anamwambia.

"Najua. Mke wangu alikuwa akisikia nakuja anaanua nguo."

Alipoanza kubeba vitunguu, miaka ishirini na sita iliyopita, alipakia magunia hamsini. Kilima cha njia ya sokoni alikipanda taratibu, dirisha wazi, akisalimiana na waliokuwa wakipalilia kando ya barabara.

"Nilijua nani kajifungua, nani kaoza binti," anasema. "Habari zote nilizipatia kwenye gia ya pili."

Kisha mji ukakua. Hoteli zikafunguliwa, mashamba yakapanuka, wanunuzi wakataka magunia themanini kwa safari moja. Lori likagoma mlimani. Fundi akalegeza skrubu ya pampu ili dizeli iingie kwa wingi. Nguvu zikaja, na moshi ukaja nazo. Madereva wengi walifanya hivyohivyo, na hakuna aliyeona kosa.

"Nyumba yangu nimeijenga kwa moshi ule, siwezi kukataa," anasema. "Lakini nilianza kupita mbio, vioo vimefungwa. Salamu zikakoma."

Mkewe, aliyemletea chai ya chupa, hana huruma. "Sema ukweli, baba watoto. Hawakukusalimia kwa sababu walikuwa wanakohoa."

Wiki iliyopita alimrudia fundi, skrubu ikakazwa kama ilivyokuwa mwanzo. Fundi alimwonya: moshi utapungua, na nguvu pia. Magunia themanini asahau.

Mkaguzi anachomoa kipimo na kukisoma. "Umepita, mzee."

Hajamaliza kushukuru, simu inaita. Ni mnunuzi wake mkubwa, anayempa safari tatu kati ya tano za wiki. Kesho anataka themanini.

"Hamsini, bosi. Zaidi ya hapo lori halipandi."

"Basi ngoja nitafute mwingine."

Simu inakatika. Mzee Gia anairudisha mfukoni polepole.

"Kaenda?" mkewe anauliza.

"Kaenda."

Hata hivyo, wakulima wadogo watatu wa kilimani wamekwishakubali kujaza lori kwa pamoja, mara mbili kwa wiki. Akirudi kutoka sokoni atawapelekea mbolea na mbegu, maana miaka yote hii alizoea kurudi na lori tupu.

"Nusu ya dizeli niliyochoma maishani haikubeba kitu," anasema. "Nipeni mwaka mmoja nijaribu. Ikikubali, nitatafuta injini mpya. Ikikataa, nauza lori, nakwenda kulima."

"Shamba lenyewe ni langu," anasema mkewe akifunga chupa ya chai. "Utaomba kazi kama wengine."

Mzee Gia anacheka, anapanda lorini. Mkulima wa kwanza anamsubiri saa nne.