Dada Yangu Alisikia kwa Meno

Mwezi uliopita nilikuwa nimepanga chumba Kahororo, kwa sababu hata nikirudi kwetu Kagera sikai kwetu. Chumba cha jirani alikaa mtoto wa darasa la sita, na kila jioni alikariri masomo yake kwa kelele kama anayeuza dagaa. Jioni moja akaanza: "Sauti ni mtetemo. Sauti hupita katika hewa, katika maji na katika vitu vigumu. Sikio lina sehemu tatu." Niliepua ndizi zangu zikiwa mbichi, nikatoka nje, nikatembea mpaka Kagondo na kurudi. Imepita miaka arobaini, na sentensi ya darasa la sita bado inanitoa ndani ya nyumba.

Nilifundishwa sentensi hiyo katika shule ya msingi kule Izigo, nyakati za ujamaa, siku moja kabla dada yangu hajafukuzwa shule.

Dada alinitangulia kuzaliwa. Mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni, yeye alipata surua, na baada ya surua masikio yake yakaanza kutoa usaha. Bibi alichuma majani, akayalainisha kwenye jivu la moto, akamkamulia maji yake masikioni. Usaha ukakauka, ukarudi, ukakauka tena. Wakubwa wote walisema masikio ya watoto ndivyo yalivyo, akikua yataacha. Kweli yaliacha. Lakini yaliacha na kusikia pia.

Hakuwa kiziwi kabisa. Ukimpigia kelele karibu, alipata kitu. Ukimwita kutoka upande wa pili wa kibanja, migomba ikiwa katikati, hakupata chochote. Kwa hiyo alijifunza midomo. Alikutazama mdomoni jinsi mtu anavyotazama chungu kinachokaribia kuchemka, na kile ambacho hakukisikia alikiona. Nyumbani tulizoea. Mama alimgusa bega kwanza, kisha akasema. Hakuna aliyetufundisha kufanya hivyo.

Taabu ilikuwa heshima. Kwetu msichana akimsalimu mkubwa hupiga magoti, huinamisha kichwa, huteremsha macho, na kujibu kwa sauti ndogo. Mkubwa naye hujibu taratibu, juu ya kichwa chako. Fikiria sasa mtoto anayesikia kwa macho, umwambie ateremshe macho. Akitii, anakuwa kiziwi. Asipotii, anakuwa jeuri. Shangazi alipokuja kututembelea alilalamika kila mara: "Huyu binti yenu ananikodolea mdomo kana kwamba nimemnyang'anya chakula!" Mama alicheka, akambembeleza kwa neno letu la heshima. "Waitu, msamehe, masikio yake ni mazito." Shangazi akasema, "Masikio mazito, macho mepesi." Wote wakacheka. Dada, aliyeona meno yao tu, akacheka nao.

Shuleni hapakuwa na mtu wa kumgusa bega. Alirudishwa darasa mara mbili, hata nikamfikia, tukakaa dawati moja. Hapo ndipo maisha yake yalipopata nafuu. Mwalimu akiwa ametugeukia, dada alimsoma midomo. Akigeukia ubao huku anaongea, dada alinigeukia mimi, nami nikayarudia maneno bila kutoa sauti. Hesabu alinishinda. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa darasa zima. Alitaka kitu kimoja tu, naye alikisema waziwazi tukiwa mtoni na ndoo: afanye mtihani wa darasa la saba, afaulu, awe karani mjini Bukoba, mahali ambapo watu huandika wanachotaka badala ya kukinong'ona.

Mwalimu wetu wa darasa la sita alikuwa kijana msafi, mwenye viatu vilivyong'aa hata msimu wa mvua. Wiki ya kwanza tu alituona tunageukiana.

"Nyie ndugu wawili, mnapeana nini?"

"Hasikii vizuri, mwalimu," nikasema.

"Hasikii? Mbona akiitwa kula anasikia?"

Darasa likaangua kicheko. Wapo waliokuwa wakimwita Sufuria, kwa sababu eti sufuria ina masikio mawili na haisikii kitu. Mwalimu akatutenganisha. Dada akapelekwa nyuma kabisa, kando ya dirisha, ambako hata midomo ya mwalimu haikuonekana vizuri. Akiulizwa swali alisimama na kukaza macho kwenye mdomo wa mwalimu. "Teremsha macho! Unamtazama nani hivyo?" Fimbo. Akiteremsha macho, hajui ameulizwa nini. Fimbo. Mwisho Baba aliitwa, akaambiwa kwamba binti yake ana kiburi, na asipobadilika hataandikishwa kwenye mtihani.

Na kila asubuhi, kabla ya kuingia darasani, tulikuwa tukiimba kwamba wote ni sawa. Dada aliimba pia. Hakujua tuni, lakini midomo yake haikukosea neno.

Sasa nifike kwenye enanga. Babu yetu alikuwa nayo moja: gogo lililochongwa kama sinia refu, nyuzi zikipita juu yake kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, akiipiga huku akiimba habari za wakubwa wa zamani. Jioni moja wakati wa rubisi, pombe yetu ya ndizi, wageni wakiwa wamejaa, dada alitumwa kuwapelekea buni za kutafuna. Alipiga magoti mbele ya babu, akainamisha kichwa kama alivyofundishwa. Safari hii akainama mno. Kidevu chake kikagonga ncha ya enanga, na babu alikuwa bado anapiga.

Dada hakuinuka. Mama akadhani ameumia, akamvuta bega, dada akaukumbatia ule ubao kwa mikono miwili. Buni zimemwagika chini, wageni wanatazama, yeye amebana meno kwenye ukingo wa enanga na machozi yanamtoka.

"Mwacheni," babu akasema. "Mla ubao huyu simjui, lakini mwacheni."

Wageni wakacheka. Babu akapiga uzi mmoja, akasubiri. Dada akainua mkono. Akapiga uzi mwembamba zaidi, polepole kabisa, kiasi kwamba mimi niliyekaa mlangoni nilisikia kwa shida. Dada akainua mkono tena. Kisha akanigeukia, akasema kwa sauti yake ile nene, "Inaongea ndani ya kichwa."

Tangu siku hiyo tulijaribu kila kitu. Jembe lililoning'inizwa kwa kamba, ncha ya kamba katikati ya meno yake, mimi nikiligonga kwa jiwe: alisikia. Fimbo ikiwa mdomoni kwangu nikiimba, ncha ya pili menoni kwake: alisikia, akanirudishia tuni ileile. Kwa mara ya kwanza maishani alipata tuni. Hatukujua kwa nini. Tulijua tu kwamba mlango wa mbele umefungwa na wa nyuma uko wazi.

Halafu likaja somo la sauti.

Mwalimu alilifundisha vizuri, lazima niseme. Alibana rula kwenye ukingo wa meza, akaupiga ule mwisho ulio hewani, ikalia vuuu. Akasogeza rula ndani, ikalia kwa sauti nyembamba zaidi. "Mnaona inavyotetemeka? Kitu kifupi hutetemeka upesi, sauti hupanda." Akaweka ulezi juu ya ngoma ya shule, akaigonga, punje zikarukaruka. Akachora sikio kubwa ubaoni kwa chaki za rangi: sikio la nje linalokusanya sauti, kiwambo kinachotetemeka kama ngozi ya ngoma, nyuma yake vifupa vitatu vinavyopokezana mtetemo, mpaka ndani kabisa kwenye kile kitu kilichojikunja kama konokono, ambamo mshipa wa fahamu huupeleka kwenye ubongo. Akasema usaha unaweza kuharibu kiwambo na vifupa. Akasema sauti hupita katika mti na chuma upesi kuliko katika hewa.

Alikuwa anamwelezea dada yangu. Kila kipande cha dada yangu kilikuwa pale ubaoni, kwa rangi. Kiwambo kimeoza, konokono mzima. Mtetemo unakwama njiani, lakini ukipitia kwenye mfupa unafika! Nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, dada yangu ndivyo alivyo. Anasikia kwa meno."

Hamjawahi kusikia kicheko kama kile. Wengine walipiga madawati. Mwalimu hakucheka. Alinitazama, akatazama ubao wake, na mpaka leo naamini kwa nukta moja alielewa. Ndiyo maana simsamehi. Angekuwa mjinga ningemsamehe.

"Kwa meno," akasema. "Basi tumwulize mwenye meno."

Akaenda nyuma, akasimama ubavuni mwa dada, akasema kitu kwa sauti ya chini. Dada akageuka, akamtazama mdomoni. Mwalimu akamzaba kibao cha sikio. Sikio lilelile alilotoka kulichora, mkono wake bado una chaki. Alama nyekundu na ya kijani ikabaki shavuni mwa dada, na baada ya muda damu kidogo ikachuruzika shingoni.

Watu wameniambia ningenyamaza. Sikubali. Anayepaswa kunyamaza ni aliyepiga.

Kesho yake Baba aliitwa tena. Alivua kofia mlangoni mwa ofisi. Mimi nilikuwa nafagia uwanja, nikasikia kila neno, mimi mwenye masikio mazuri.

"Mzee, huyu hafundishiki. Mpe jembe, kibanja kinamhitaji."

"Waitu mwalimu, wewe ndiye unayejua."

Baba, mtu aliyembana dalali wa kahawa mpaka akatoka jasho, hakuuliza hata swali moja. Alirudi na dada nyumbani, dada akiwa nyuma yake, macho ameyateremsha. Sasa ilikuwa heshima kamili.

Mimi nilifaulu, nikasoma sekondari, nikaondoka. Nimeishi Mwanza, Tabora, Kigoma, Mbeya. Kila mji nilioukinai niliukinai kwa namna moja: siku moja namsikia mtu akisema mtoto fulani ana kiburi, na naanza kufunga mizigo.

Baada ya ile jioni ya Kahororo nilipanda gari mpaka Izigo, nikamchukua dada kwa nguvu, nikampeleka hospitali mjini Bukoba. Daktari, binti mdogo kwetu sote, alimgusa bega kwanza. Akagonga chuma chenye umbo la uma, akakiweka hewani karibu na sikio. Dada akatikisa kichwa. Akakigonga tena, akakikita kwenye mfupa nyuma ya sikio. Dada akainua mkono, vilevile kama mbele ya enanga.

"Konokono wake ni mzima," daktari akasema. "Angeletwa akiwa mtoto, mambo yangekuwa mengine. Hata kukaa mbele darasani tu kungemsaidia."

Nilianza kupayuka. Sikumbuki yote niliyosema. Nilimtaja mwalimu, nikamtaja Baba aliyekwisha kufa, nikaitaja nchi nzima. Dada alinitazama mdomoni mpaka nikaishiwa pumzi.

"Umemaliza?" akasema. "Mdomo wako ukikasirika hausomeki."

Kisha akamgeukia daktari, akaomba kile chuma. Akakigonga mwenyewe kwenye ukingo wa meza, akakibana katikati ya meno, akafumba macho.