Mpunga Wangu Kwenye Uwanja wa Netiboli

Aibu hii nimeikalia miaka yote, lakini acha niwape mwenyewe, maana kila mtu hapa mtaani kwetu Lipangalala anaisimulia kivyake na kuitia chumvi.

Miaka ya tisini nilikuwa mwalimu wa michezo kwenye chuo kimoja pale Ifakara (yaani kocha wa mpira wa miguu, wanachuo wa kike niliwakumbuka siku ya usafi tu). Mavuno yakafika, nina magunia ya mpunga mbichi na ua mdogo uliojaa kuku, nikautazama uwanja wa netiboli, saruji safi, jua la kutosha, nikasema naanika siku mbili tu. Zikawa wiki tatu, maana wangu ukikauka naleta wa shemeji, na kila jioni Konsolata, kapteni wa netiboli, anakuja na mpira kwapani: "Shikamoo mwalimu. Leo je?"

"Marahaba. Kesho, mwanangu."

Ndipo ikaja amri kwamba kila chuo kisome hadharani taarifa ya michezo, ya wanaume na ya wanawake, mbele ya mkaguzi, na chuo kinachowabania wanawake hakipeleki timu michezo ya kanda. Vijana wangu wa mpira walikuwa moto mwaka ule. Nikaandika: "Uwanja wa netiboli unatumika kila siku, asubuhi hadi jioni." (Uongo uko wapi hapo?)

Siku yenyewe chuo kizima kimekaa mbele ya ofisi, mkaguzi, mama mmoja mpole mwenye miwani, kwenye kiti cha mbele. Niko katikati ya ukurasa naona wingu jeusi linashuka kutoka milima ya Udzungwa. Nikaongeza kasi, nikaruka aya nzima ya riadha, mama akainua mkono, "Polepole mwalimu, sehemu ya wanawake irudie," na hapo hapo tone likadondoka kwenye karatasi. Jamani, chakula cha watoto wangu cha mwaka mzima kiko kule! Sikuaga. Nilitupa taarifa nikatimua mbio, na chuo kizima, kikidhani kuna moto, nyuma yangu.

Wakanikuta nimepiga magoti katikati ya uwanja nazoa mpunga kwa mikono. Vijana wangu wa mpira wamesimama pembeni wanashika mbavu. Walioingia ni wasichana, kwa sababu kwetu mpunga ukinyeshewa huulizi ni wa nani. "Mafagio! Magunia!" Konsolata akapiga kelele, na kabla mvua haijachanganya uwanja ulikuwa mtupu. Kisha akamgeukia mgeni, maji yanamtiririka usoni: "Mama, huu ndio uwanja wetu. Wiki tatu hizi, leo ndiyo mara ya kwanza tunaukanyaga."

Hapo niliona aibu ya kweli, si ya kuchekwa. Mkaguzi hakufoka. Alinipa kalamu, nikaandika upya ile sentensi, nikaisoma mbele ya wote nikiwa na makapi kichwani: uwanja wa netiboli unatumiwa na mpunga wa mwalimu wa michezo. Akaamua wasichana waende kanda, wanaume wabaki, na vijana wangu hawakunisalimia mwezi mzima.

Jioni ile mvua ilipokatika Konsolata akaniletea filimbi niwachezeshe. Nikapuliza kwa nguvu. Wote wakasimama, wananitazama.

"Kosa gani, mwalimu?"

Miaka minne ya ualimu wa michezo, ndugu zangu, na sikujua hata sheria moja ya netiboli. Nikamrudishia filimbi, nikamwomba anifundishe, na tangu siku hiyo siandiki neno kuhusu mchezo ambao sijakaa nikautazama mpaka mwisho.