Aliyeitwa Mpuliza Mkaa

Léoncie alimwibia Kabibi kazi ya mikono yake, kisha akamshukuru Mungu. Tulitaje kosa mapema, maana pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, watu hupenda kulizunguka.

Kabibi, mkulima wa Fizi, Kongo, hakukanyaga shule. Kutengeneza paneli za sola alijifunza kwa kuharibu. Alinunua katika soko la Mtandire vipande vyembamba vya sola vilivyokataliwa kwa kuvunjika, akapasha chuma kwenye mbaula, jiko la mkaa, akaviunganisha kwa risasi ya kulehemu juu ya kioo cha dirisha. Mwaka mzima hakuna simu iliyopata chaji. Siku moja, amepanga foleni ya maji, akaelewa: uso wa kipande hiki ushikane na mgongo wa kile kinachofuata, kama wamama wanavyopangana bombani. Kesho yake simu ya jirani ikaitika.

Léoncie, mshonaji wa Bukavu, tena msomi, alimjia na vipande alivyounga uso kwa uso, machozi yanamlenga. "Yaya, nifundishe," akamwomba, kama mtu anavyomwita dada yake mkubwa. Kabibi akamfundisha. Akamwazima na paneli yake ya kwanza, ile yenye ufa pembeni, akaiigize. Haikurudi. Léoncie akahamia Lilongwe, na habari zikaanza kufika: ana wanafunzi, anaitwa Mwalimu, anavaa viatu vya kisigino. Kila habari ilimkaa Kabibi kooni kama mwiba wa samaki.

Mwisho akapanda minibasi mpaka kanisa moja la Area 49, mtaa wa Lilongwe, ambako Léoncie alikuwa akifundisha, akakaa nyuma kabisa. Léoncie akainua paneli. Ufa ulikuwa palepale.

"Uso kwa mgongo," akasema, "kama wamama kwenye foleni ya maji!"

Wakacheka, watu wenye bomba hadi jikoni. Masikio ya Kabibi yakavuma kwa wivu. Hata foleni ilikuwa yake.

Mama mmoja, Mathilde, akauliza, "Mwalimu, nani alikufundisha?"

Macho ya Léoncie yakamwona Kabibi. Yakapanda darini. "Mungu tu."

"Amina!"

Kabibi akasimama. "Huyo Mungu alikuwa na mbaula?"

Léoncie akafungua mikono. "Yaya wangu, karibu! Bantu ya Mungu, huyu njo alikuwa ananipulizia mkaa!"

Wakampigia makofi. Makofi ya kupuliza mkaa!

Léoncie akamfuata mlangoni na kitenge kipya. "Chukua, yaya. Usinikasirikie."

"Mi nitavaa kitenge. Jina langu je, litavaa nini?"

Kabibi akakiacha mkononi mwa Léoncie, akarudi Dzaleka.

Paneli yenye ufa bado iko kwa Léoncie. Kabibi anaweza kuunda nyingine hata kesho. Asichoweza kuunda ni maneno matatu yaliyo kinywani mwa Léoncie, ambayo ni deni lake kuyasema mbele ya walewale walioitikia amina: Kabibi ndiye aliyenifundisha.