Nilimtuma Ikupa kwa Baba Mkwe Wake

Ikupa, mke wa Timotheo, alikuwa mwanamke wa maneno machache na mikono isiyotulia. Hata kwenye foleni ya zahanati yetu pale Uyole alikaa akisuka mkeka. Mimi nilikuwa nesi wa zahanati hiyo, Mhehe wa Iringa, mdomo mrefu, najiona najua kila kitu. Mwaka 1975 nilimkosea, na mpaka leo sijajisamehe.

Mumewe alikuwa utingo wa malori yanayokwenda Zambia. Bangi alianza kuivuta ili asisinzie njiani, halafu ikamshika hata akiwa nyumbani. Hakumpiga mtu, hakuiba hata kuku. Polisi walimkuta na misokoto minne mfukoni, wakampeleka mahakamani. Nilikwenda na barua ya daktari wetu: kuna kitanda wodini mjini, apokewe miezi mitatu atibiwe, asifungwe.

Hakimu aliisoma mara mbili. Alikuwa mtu mgumu, lakini siku hiyo alilegea.

"Nitakubali," alisema, "ila baba yake mzazi aje aweke dole gumba hapa kwamba atamsimamia. Mke hatoshi. Nafunga saa tisa. Asipokuja, ni miaka miwili jela."

Ilikuwa saa nne asubuhi. Mzee Yotamu, baba yake Timotheo, alikuwa kwake mlimani, mwendo wa saa moja na nusu, wala hakuwa na habari kwamba kesi inasikilizwa siku hiyo. Nikamgeukia Ikupa.

"Mdogo wangu, kimbia kamwite baba mkwe wako."

Alinitazama kidogo, akawatazama wanaume waliojaa kwenye mabenchi, akainamisha macho. "Ndaga, dada," akasema, kama Wanyakyusa wanavyoitikia kwa heshima, akakaza kanga yake akaondoka. Nilifurahi. Nani angekuwa mjumbe bora kuliko mke mwenyewe?

Mnyakyusa anayesoma hapa ameshashika kichwa. Kwao mkamwana hasemi na baba mkwe wake, hapiti mbele yake, hata jina lake halitamki. Akimwona njiani anajificha. Nilikuwa nimeishi nao miaka mitatu, nimewazalisha wanawake wao, na jambo hilo nilishalisikia nikalicheka tu, nikaliita mambo ya bibi zao.

Yaliyotokea Ikupa alinisimulia mwenyewe baadaye. Alifika anahema. Mama mkwe wake, ambaye ndiye aliyebeba maneno kati yao siku zote, alikuwa ameenda sokoni. Majirani walikuwa mashambani. Mzee alikuwa peke yake uani, anachonga mpini wa jembe. Ikupa akajibanza kwenye mahindi. Akakohoa. Akavunja kijiti kwa nguvu kisikike. Mzee akaona ncha ya kanga, akajua ni mkwe wake anataka kupita. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa heshima, na alimpenda sana binti huyo, akainuka na mpini wake, akampa mgongo, akashuka bondeni kumwachia njia.

Ikupa alifungua mdomo mara mbili amwite, sauti ikagoma. Akabaki pale analia. Mama mkwe aliporudi ilikuwa saa kumi. Mzee aliambiwa, akakimbia na miguu yake ya uzee mpaka mahakamani, akakuta mlango umefungwa.

Timotheo alitumikia miaka yote miwili. Siku za kutembelea wafungwa, mzee alitangulia asubuhi na Ikupa akafuata mchana, wasije wakakutana njiani. Timotheo alipotoka alikuwa amekonda, na bangi aliirudia wiki ileile. Kwenye kitanda chake cha hospitali alikuwa ameshalala mtu mwingine.

Niliwahi kumuuliza Ikupa, tena kwa hasira, "Kwa nini hukuniambia kwamba huwezi?"

"Ulinituma, dada. Na wale wanaume wote walikuwa wananiangalia. Wangesema simtaki mume wangu."

Mimi si mkwe wa mtu pale. Ningeweza kumsalimia mzee Yotamu uso kwa uso na kumshika mkono. Badala yake nilikaa kwenye benchi la mahakama toka saa nne mpaka saa tisa, naogopa nikiondoka hakimu atabadili mawazo, na baiskeli yangu imeegemea ukutani, mbele ya macho yangu.