Mteja wa Jana Aliyefariki Januari

Kwa miaka ishirini na sita Obdulia Zepeda alikaa kwenye dirisha namba nne la ofisi ya kusajili hati, akizikataa karatasi za watu. Hakuwa mkali. Alikiinua cheti kwenye mwanga, akakinusa kama mama anusavyo maziwa ya jana, kisha akasema, "Muhuri huu umezaliwa wiki iliyopita," na mwenye cheti akaondoka bila ubishi. Alipostaafu wenzake walimzawadia saa ya mkono ya dhahabu. Kabla hajaivaa aliipeleka kwa sonara kuuliza kama ni dhahabu kweli. Haikuwa.

Ndiyo maana majirani wa jengo lake, mtaani Portales, humpelekea simu zao kama wapelekavyo watoto kwenye chanjo. Mtu akitaka kununua friji au viatu kwa muuzaji wa mtandaoni, kwanza Bi Obdulia atazame. Naye huvaa miwani na kuuliza yale yale. Duka hili limefunguliwa lini? Mbona limewafunga watu wasiandike maoni? Hela inaingia kwa jina la duka au la mtu? Rahisi huvunja upishi, husema, na bei ikiwa nusu ya ile ya kwingine basi nusu iliyobaki utailipa kwa machozi. Mwisho huja swali analoliamini kuliko yote: muuzaji yuko tayari kukutana chini ya saa?

Mji huu, asiyemjua mwenzake hukutana naye kwenye metro, treni ya chini ya ardhi. Chini ya saa ya kituo, mchana kweupe, mzigo mkono huu, pesa mkono ule. Wanaobana nauli hawaingii hata ndani. Mmoja husimama upande huu wa vyuma vya mlangoni, mwingine upande ule, biashara ikapita katikati. Yaretzi, binti wa kaka yake Obdulia, anaishi kwa kazi hiyo: anauza kucha za bandia, vituo vitatu kila alasiri, na hajawahi kumtuma mteja alipe kabla ya kuziona kucha kwa macho yake.

"Mwizi haipendi saa," ndiyo kauli ya Obdulia, na mtaa mzima unaijua.

Sasa, Oktoba tarehe thelathini, mwenye shida alikuwa yeye mwenyewe.

Mumewe, Fidencio, alifariki Januari. Hii ilikuwa meza yake ya kwanza ya kukaribishwa akiwa mfu, na meza ya kwanza haina mzaha. Wafu hurudi tarehe mbili Novemba, na hawarudi kwa ajili ya sala tu. Hufuata vitu vyao. Obdulia alikuwa amekwisha kutandaza karatasi za rangi, maua ya manjano, mkate, mole ya kuku, ule mchuzi mzito wa pilipili, na chupa ya soda ya tufaha aliyoipenda marehemu japokuwa alikatazwa. Kilipungua kitu kimoja. Fidencio alivuta sigara miaka arobaini na moja, na Obdulia alikuwa ameapa mbele ya jeneza kwamba sigara haitaingia tena nyumba ile, hata kwa ajili ya wafu. Lakini miezi yake minane ya mwisho mzee aliacha sigara za kuwasha akawa anavuta mvuke: sigara ya kielektroniki ya ladha ya embe, aliyoletewa na Yaretzi. Haikumwokoa. Ila mapazia ya chumbani bado yalinuka lile embe ambalo halijawahi kuota mtini, na Obdulia alikuwa bado hajayafua.

Ile yenyewe haikuwepo. Obdulia aliitia kwa mkono wake mwenyewe mfukoni mwa shati, siku ya kumlaza mzee kwenye jeneza. Na madukani hazipatikani tena tangu uuzaji wake upigwe marufuku. Kilichobaki ni mtandao, na mtandao, kitu kikishapigwa marufuku, hujaa wauzaji kama sukari ijaavyo sisimizi.

"Usipomwekea atakuja, ataangalia, ataondoka," Obdulia alisema. "Namjua. Alishawahi kuondoka kwenye harusi ya dada yangu kwa sababu hakukuwa na chumvi."

"Tulia shangazi, nimepata." Yaretzi aliisogeza simu. "Duka linaitwa Nyumba ya Mvuke. Embe ipo. Bei nusu, na ofa inaisha baada ya dakika arobaini. Ona, saa inahesabu."

"Saa hiyo ndiyo ya wezi. Lete."

Alivaa miwani. Duka lilikuwa na umri wa siku kumi na tisa. Maoni yamefungwa. Amana itumwe kwenye kadi ya mtu binafsi. Obdulia alitabasamu kwa raha ya mtu aliyerudi dirisha namba nne.

"Mwanangu, hawa hata kuiba hawajui."

"Ninyi watu wa mihuri mnaona wizi hadi kanisani. Shuka chini kidogo, kuna wateja wao walioridhika, na picha zao."

Obdulia akashuka. Kijana mwenye kofia. Mama mwenye mbwa. Kisha kidole kikasimama.

Fidencio alikuwa anamtazama.

Shati jeupe la mikunjo, lile la ubatizo wa mtoto wa kaka yake, masharubu yamechanwa, jicho moja limefinywa kidogo kwa ajili ya jua. Pembeni ya picha, palipokatwa, lilibaki bega la gauni la buluu. Bega hilo lilikuwa la Obdulia. Chini yake palikuwa pameandikwa: *Don Ramiro, miaka 67, Guadalajara. Wiki mbili tu, na sigara nimezisahau! Asanteni Nyumba ya Mvuke.*

Hakupiga kelele. Alikaa kitako kwenye kiti ambacho, kwa bahati, kilikuwepo. Rangi ilimtoka usoni hata Yaretzi akadhani presha imeshuka.

"Shangazi? Shangazi, una nini? Sema basi!"

"Guadalajara," alisema Obdulia. "Hajawahi kukanyaga Guadalajara. Alikuwa anasema kule watu wanajisikia."

Yaretzi aliinyakua simu, akatazama, akajifunika mdomo. "Mama wa Mungu! Picha wameipata wapi?"

Hilo Obdulia alilijua kabla swali halijamalizika. Siku ya tisa ya sala za msiba aliiweka mwenyewe kwenye ukurasa wake, na ili ndugu walioko Chicago waione, aliuacha ukurasa wazi kwa kila apitaye. Mwanamke aliyelinda karatasi za jiji zima alikuwa ameuacha mlango wake mwenyewe bila komeo, na aliyeingia akaondoka na mume.

"Nipe simu niwaandikie," alisema.

"Watukane, shangazi. Mimi nikutajie maneno, kuna moja nimelisikia kituo cha Pantitlán—"

"Tulia."

Akaandika: *Habari. Huyu Don Ramiro ni mteja wenu kweli?*

Jibu lilikuja upesi. *Karibu malkia! Mteja wetu wa siku nyingi. Jana tu kachukua mbili.*

*Jana?*

*Jana asubuhi malkia. Ladha ya embe, hataki nyingine.*

Yaretzi alisema haraka kwamba embe ndiyo inayouzwa kuliko zote, shangazi, hata mjinga angetaja embe. Obdulia alimsikia. Miaka ishirini na sita alikuwa akisikia na kuelewa. Lakini kidole kiliendelea.

*Hakohoi siku hizi?*

*Hata kidogo! Analala kama mtoto mchanga.*

Alilisoma hilo mara tatu. Kikohozi kile alikuwa amekisikia usiku baada ya usiku mwaka mzima, na hakuna daktari, padri wala ndugu aliyewahi kumwambia maneno haya. Ilibidi aje mwizi. Obdulia akavuta bahasha ya bili ya maji, akachukua kalamu, akaanza kunakili namba ya kadi.

"Shangazi, unafanya nini?"

"Naandika namba."

"Namba ya nini?"

"Ya amana."

Yaretzi alimkodolea macho. Angemwona anatembea juu ya ukuta asingeshtuka zaidi. "Wewe? Bi Mwizi-haipendi-saa? Wewe ndiye unatuma hela kwa mtu huyu?"

"Amesema analala vizuri."

"Shangazi." Yaretzi aliiweka kalamu mbali, taratibu, kama anamnyang'anya mtoto wembe. "Uliza swali la mwisho. Lile lako."

Kwenye skrini ofa ilibakiza dakika kumi na moja. Hatimaye Obdulia akaandika: *Nitalipa kesho saa sita mchana, kituo cha Portales, chini ya saa.*

*Hatukutani na wateja malkia, ni kwa usalama wao. Tuma amana tu, mzigo unakuja.*

*Basi Don Ramiro aniletee. Ana mbili.*

Vidoti vya kuandika vilitokea, vikapotea, vikatokea tena.

*Don Ramiro yuko safarini malkia.*

"Hapo hajakosea," alisema Obdulia, na rangi ikaanza kumrudia.

Alisimama, akaipiga picha meza yote: maua, mishumaa, mole, na katikati, ndani ya fremu nyeusi, picha ile ile ambayo haijakatwa, Fidencio kushoto na mkewe wa gauni la buluu kulia. Akaituma na maneno: *Huyu hapa mteja wako. Amekufa Januari. Jumapili anarudi. Kama jana alinunua kwako, basi anapajua ulipo.*

Alama mbili zikageuka buluu. Hakuna aliyeandika. Baada ya dakika tano Yaretzi alifungua tena ukurasa wa duka, akashusha pumzi. "Wameitoa! Mwizi mzima kaogopa meza, shangazi!"

"Mwizi naye ana wafu wake."

Yaretzi akaitazama meza. "Na sasa? Embe tumekosa."

Obdulia aliingia chumbani. Droo ilisikika ikifunguliwa, ikipekuliwa. Akarudi na kijiwaya kifupi cheusi, urefu wa kiganja, akakichomeka ukutani nyuma ya meza na kukilaza kati ya mkate na chupa ya soda. Taa ndogo ya kijani ikawaka.

"Waya mtupu?"

"Kifaa anacho. Aliondoka nacho mfukoni. Ila tangu Januari, hebu fikiria, chaji itakuwepo kweli?"

Kwa mambo ya wafu, kama kwa mambo ya mihuri, hakukuwa na wa kumbishia mwanamke yule.

Kesho yake asubuhi Obdulia, kwa tabia tu, alilichungulia lile duka. Lilikuwa bado wazi, na saa ya ofa inahesabu upya dakika arobaini. Mahali pa Fidencio palikuwa na mwanamke wa makamo, mwenye miwani, anacheka na mtu aliyekatwa pichani. *Doña Carmen, Monterrey. Sikohoi tena!*

Alibonyeza kila palipoandikwa ripoti, akamwagiza Yaretzi afanye vivyo hivyo, na Yaretzi akawaagiza wateja wake wote wa kucha. Kisha Obdulia akautazama uso ule kwa muda mrefu, jinsi alivyokuwa akizitazama karatasi kwenye mwanga. Miwani, hereni ndogo, kicheko. Hakukuwa na muhuri wa kuonyesha kama mwenyewe yu hai.

Kwenye meza, pembeni, kuna mshumaa ambao kila nyumba huuwasha kwa ajili ya mfu asiye na wa kumwashia. Aliuchukua, akausogeza mbele, karibu na waya.

"Kama yu hai?" aliuliza Yaretzi.

"Basi ni nta tu imepotea," alisema Obdulia, akawasha kiberiti.