Jumapili ya Kit Mikayi

Bosi mpya wa mume wangu alipohamishiwa Kisumu kutoka Nairobi, mke wake alitaka kuona kila kitu. Soko na maduka ya Wahindi aliyamaliza wiki ya kwanza. Alichotaka ni mahali pa zamani, mahali penye hadithi. Alikuwa amefundisha historia huko kwao Nyeri kabla ya kuolewa, na alisema hawezi kukaa mahali bila kujua waliokaa hapo kabla yake. Mume wangu alikuwa karani anayetafuta kupandishwa cheo. Akajitolea kuwaonyesha.

Hivyo ndivyo mimi, niliyezaliwa kando ya ziwa lile, nilivyoanza kutalii kwetu. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Jumapili moja tulizunguka gatini, pale reli ya wakoloni ilipoishia majini, na mume wangu akaeleza habari za meli za kwanza kana kwamba alizipigilia misumari yeye mwenyewe. Jumapili nyingine tulivuka kwa meli hadi Kendu kuona ziwa dogo la Simbi, ambalo wazee husema lilikuwa kijiji kabla ya kuzama. Mimi nilikaa kiti cha nyuma na kikapu cha chakula mapajani. Nilikuwa nafurahi, nisidanganye. Sikuwahi kupanda gari dogo mara nyingi namna ile.

Safari ile ya kwanza, mama yule aligeuka akaniuliza, "Wako umewaacha na nani?"

Watoto wake watatu alikuwa amewaacha na yaya. Nilimwambia, "Bado."

"Aa," alisema, akageukia dirisha. Hakuuliza tena. Alikuwa mtu mwema, na wema wake ulinifanya nitake kuteremka garini.

Ndoa yetu ilikuwa imeingia mwaka wa sita.

Ndipo mume wangu akaniambia kwamba Jumapili inayofuata tungekwenda Kit Mikayi. Kit Mikayi ni rundo la mawe makubwa, moja juu ya lingine, marefu kuliko ghorofa yoyote iliyokuwapo Kisumu siku hizo. Liko Seme, na Seme ndiko kwetu. Nyumba ya mama yangu ilikuwa mwendo mfupi tu kutoka pale.

"Tutapitaje karibu na kwetu bila kuingia?" nilimwuliza.

"Tutapita haraka. Nani atatuona?"

"Na hiyo kaptura?"

Alikuwa amenunua kaptura ya kaki kama ya bosi wake, na soksi ndefu. Alijitazama miguu, akacheka. "Ni matembezi. Siendi ukweni."

Lazima nieleze jambo hili kwa wasiotoka kwetu. Mwanamume na mama mkwe wake hawazoeani. Hawali pamoja, hawataniani, hawatazamani ovyo. Akienda ukweni huvaa kama mtu anayeitwa mahakamani. Mume wangu alikuwa ameonana na mama yangu mara chache mno, na kila mara alikuwa na koti, hata jua likiwa kali vipi.

Tuliondoka asubuhi baada ya kanisa. Tulipita Otonglo, wanawake wakiwa wamepanga nyanya na samaki kando ya barabara, kisha tukaingia kwenye vumbi. Nilipoanza kuona miti ya kwetu nilijiinamisha kidogo kwenye kiti. Mama alikuwa ameniambia, alipokuja mjini mwezi uliotangulia, kwamba Jumapili zote anashinda kanisani. Nilijipa moyo kwa hilo.

Chini ya mawe kulikuwa na kivuli kizuri. Nilitandika mkeka, nikatoa kuku wa kukaanga, mkate na chupa ya chai. Bosi alivua kofia. Mume wangu akaanza kusimulia.

"Kulikuwa na mzee," alisema, "aliyependa kushinda hapa kila siku. Mke wake mkubwa akawa anamletea chakula. Watu wakimtafuta nyumbani wakiuliza, mzee yuko wapi, wanajibiwa, ameenda kwa mke wake wa kwanza. Maana yake, hili jiwe. Mikayi ndiye mke wa kwanza."

"Kumbe alikuwa na wengine?" aliuliza mke wa bosi.

"Bila shaka! Mzee wa zamani."

"Na huyo wa kwanza alijisikiaje, mumewe kupenda jiwe?"

"Hakuna aliyemwuliza," bosi alisema, na wote wakacheka. Mimi nilikuwa nakata mkate. Nilicheka pia.

Ndipo tuliposikia sauti. Katikati ya mawe yale kuna uwazi kama chumba, na watu wa makanisa ya kiroho huingia humo kuomba na kufunga. Sauti ilikuwa ya mwanamke, ikipanda na kushuka. Mke wa bosi aliinuka na kamera yake. "Twende tuone. Polepole, tusimsumbue."

Nilimfuata kwa sababu nilikuwa mkalimani wake. Mume wangu alitufuata na paja la kuku mkononi.

Mwanamke alikuwa amepiga magoti, ametugeuzia mgongo, peku, mikono juu. Niliitambua leso kabla ya kuitambua sauti. Nilikuwa nimemnunulia mwenyewe, Krismasi. Kisha nikazitambua nyayo zake, zile zilizopasuka kisiginoni, ambazo nilizipaka mafuta nilipokuwa msichana.

Mama alikuwa anaomba kwa Kiluo, kwa sauti kubwa, jinsi wanavyoomba wao. "Mungu, mwangalie mtoto wangu wa mjini. Umemfunga tumbo, amekukosea nini? Kama kosa ni langu, nipige mimi. Wakwe zake wamechoka. Wameshapata msichana kule Port Victoria, wameshakwenda kwao mara mbili. Na yeye hajaambiwa. Anapika, anafua, anacheka, hajui. Baba, mpe hata mmoja kabla hawajamleta huyo mwingine."

Nakumbuka maji yalikuwa yanadondoka mahali fulani ndani ya mawe. Nilimgeukia mume wangu nikitafuta uso wa mtu aliyeshangaa kama mimi. Hakuwa ameshangaa. Alikuwa anaangalia chini, kwenye ile nyama.

"Anasema nini?" mke wa bosi aliniuliza kwa kunong'ona.

"Anamwombea mtoto wake."

"Mgonjwa?"

"Ndiyo," nilisema.

"Masikini."

Mume wangu alirudi nyuma, kokoto zikateleza chini ya kiatu chake, na mama akageuka. Akamwona mkwe wake, magoti wazi, mdomo una mafuta. Akajifunika uso kwa leso palepale. Mume wangu alijibanza nyuma ya jiwe kama mwizi wa kuku. Hakuna Mjaluo ambaye angeona vile asicheke, ila mimi, siku ile.

Kisha mama akaniona. Akamwona mke wa bosi na viatu vyake, na kamera. Akajipangusa macho, na nikamwona anavyofikiri, haraka haraka, jinsi alivyokuwa akifikiri polisi walipokuja kijijini kudai kodi. Akaja mbele, akatunyoshea mkono, kwanza mgeni, halafu mimi, mkono uleule wa kumpa mtu yeyote.

"Karibu, Mama," alisema kwa Kiswahili chake. "Mmekuja kuona mawe? Huko juu iko mzuri zaidi. Picha piga huko juu."

Akanitazama machoni. Nilimwelewa. Alikuwa ananiambia: mimi si mtu wako, pita na wageni wako. Alidhani namwonea haya, basi akaniondolea mzigo kabla sijaubeba. Nilitaka kusema, "Mama, sivyo." Lakini ilikuwa ndivyo, kidogo. Mbele ya yule mwalimu wa historia, sikutaka kuwa mtoto anayeombewa.

Mke wa bosi aliomba apige picha yetu, mimi na mwenyeji. Tulisimama bega kwa bega. Mama alinukia jasho na moshi wa kuni, harufu ya nyumbani, nami nilisimama wima kama ninayengoja zamu posta.

Bosi na mkewe walipanda juu ya mawe, wakashuka. Mume wangu alikuwa amekwenda kujifungia garini, anasema tumbo linamsumbua. Mama hakuondoka. Aliketi mbali kidogo kwenye nyasi, mgongo umeelekea gari, akimpa mkwe wake nafasi ya kutoka akitaka. Nilipokuwa nakunja mkeka, mke wa bosi alikusanya mabaki: maganda ya mkate, shingo ya kuku, mifupa iliyobaki na nyama kidogo. Akavifunga kwenye gazeti.

"Mpelekee yule mama," alisema. "Ametoka mbali kuomba, lazima ana njaa."

Nilikichukua kile kifurushi. Mafuta yalikuwa yameshapenya kwenye karatasi. Nilipiga hatua, nikasimama.

"Yule ni mama yangu," nilisema. "Mama yangu mzazi. Mtoto anayemwombea ni mimi."

Mke wa bosi akakichukua kifurushi kutoka mkononi mwangu, akawa hajui akiweke wapi. Mumewe alianza kuzungumza juu ya hali ya hewa. Nilimrudishia kikapu, nikamwambia sirudi nao Kisumu. Nilivuka nyasi nikaketi karibu na mama, na tulisikia gari likiwaka, likiondoka.

Nilidhani atanikumbatia. Alikasirika.

"Kwa nini umesema?"

"Walitaka kukupa mabaki."

"Ningeyachukua. Ningeyatupia mbwa njiani. Sasa umempotezea mumeo kazi yake, na umenivua nguo mbele ya mgeni." Akanigeukia. "Ulisikia nilichokuwa naomba?"

"Chote."

Hapo ndipo alipoinamisha kichwa. Alisema hakutaka nilijue jambo hilo kwa njia ile. Alikuwa akitumaini Mungu angelimaliza kabla sijalisikia.

Mume wangu alikuja kunichukua nyumbani kwa mama siku ya nne. Alivaa suti nyeusi na tai, jua la saa saba, shati limeloa. Hakuingia, na mama hakutoka. Nilisimama mlangoni katikati yao, nikibeba maneno.

"Mwambie mama naomba radhi kwa yale mavazi," alisema.

Nilimwambia mama. "Mwambie nimesamehe mavazi," alijibu kutoka ndani.

"Mwambie habari za Port Victoria ni za wazee. Mimi sijakubali."

"Mwulize, alikataa?"

Nilimwuliza. Alitoa leso mfukoni, akajifuta shingo, akaangalia ng'ombe wa jirani kwa muda mrefu. Mama alisubiri. Mwishowe akasema, "Basi. Nimesikia."

Nilirudi naye. Watu wameniuliza kwa nini, na sina jibu zuri zaidi ya kwamba nguo zangu zilikuwa kule, na nilimpenda. Msichana wa Port Victoria aliletwa wakati wa mvua za mwaka uliofuata. Alikuwa mpole, mwoga, na alinipikia chai siku ya kwanza. Hatukugombana kama watu walivyotarajia. Mimi sikuzaa.

Cheo mume wangu alipata, lakini hatukualikwa tena kwa matembezi. Mke wa bosi nilikutana naye mara moja sokoni. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili na kuniambia, "Nisamehe, dada." Nilisema hakuna neno. Tulisimama hapo tukisukumwa na wapita njia, kila mmoja anatamani mwenzake aage kwanza.

Mama aliendelea kwenda kule kwenye mawe Jumapili hadi magoti yalipomshinda. Nilipomtembelea alikuwa akiniambia ametoka kanisani, nami nilikuwa nikimwuliza mahubiri yalikuwa juu ya nini.