Nilivyomtafutia Mzee nguo za snowboard kwa mitumba, Kitale mpaka Bungoma

Wakuu, niaje.

Mimi ni msomaji wa kimya hapa, nyuzi zenu huwa nazisoma na chai mkononi. Leo nimeleta yangu. Chumvi sijaweka, hii stori haihitaji.

Sisi ni watu wa shamba, nje kidogo ya Kitale. Mahindi, ng'ombe watatu, kanisa Jumapili. Dada yangu Shiku aliolewa Austria na jamaa anaitwa Lukas.

Shida ilikuwa moja. Lukas hakuwahi kukanyaga kwetu. Mzee, baba yetu, alikuwa anasema, "Mtu hajanywa hata chai yangu, mimi simjui."

Na hakutaka kumjua. Tukiwa kwa video call, Lukas akipita tu pale nyuma, Mzee anakumbuka ati ng'ombe hawajapewa maji. Anatoka. Shiku anabaki anaangalia kiti kitupu.

Lakini kijana wao wa pili wakamwita Njoroge, jina la Mzee, vile mila yetu inataka. Hapo Mzee alishikwa.

Siku moja huyo mtoto akamwambia, kwa Kiswahili chake cha kuvunjika vunjika, "Guka," yaani babu, "kuja tuteleze na snow."

Mzee hakuuliza kuteleza kunafanywa aje. Akajibu, "Nakuja."

Shiku hakungoja abadilishe mawazo. Mambo ya visa yakafanywa, tikiti ikatumwa.

Sasa ikabidi nimwonyeshe Mzee video ya snowboard. Alitazama, miwani ikiwa kwa ncha ya pua.

"Kumbe miguu yote miwili inafungwa kwa ubao mmoja?"

"Ndio, Baba."

"Na breki?"

"Hakuna."

Akatoa miwani, akaipangusa na shati. "Sawa. Nitafutie nguo."

Shiku alikuwa ametuambia ubao na helmet tutaachia watu wa kukodisha huko. Lakini nguo na viatu vipya huko ni bei ya ndama, kwa hivyo tujaribu mitumba. Na wakuu, kama hamjui, makoti ya theluji yanaingia kwa mitumba kila siku. Sisi huvaa tu bila kujua yalishonewa nini.

Tukaanza Kitale, kwa mama mmoja anaitwa Mama Chelimo. Mimi nikachukua koti moja nene, limefura vizuri, rangi safi. Nikaona kazi imeisha.

Mzee akafungua chupa yake ya maji akamwaga kwa mkono wa lile koti.

"Mzee, unaniharibia mali!" Mama Chelimo akapiga kelele.

"Kama maji inaharibu, hii ni ya nini?"

Tukaangalia. Maji yakaingia yote, koti likanyonya kama sponji. Mama Chelimo mwenyewe akaanza kucheka. Akaingia nyuma akatoa ingine, nyepesi, mbaya kwa macho, rangi ya machungwa. Maji yakateleza juu yake kama kwa jani la nduma. Na suruali yake ikapatikana.

Mzee akaivaa juu ya ile aliyokuwa nayo, akachuchumaa pale katikati ya soko, akasimama, akachuchumaa tena. Watu wakasimama kuangalia. Alikuwa anapima kama inabana magoti. Mimi nilijifanya simjui.

Viatu vilitupeleka Bungoma, kwa Wafula, tulisoma naye shule moja. Yeye huuza viatu tu.

Si nikakuta jamaa ana snowboard nzima! Ameipandisha kwa matofali, amepanga raba juu yake kama rafu. Hakujua ni nini, lakini tulikuwa tumemwambia tunatafuta vya barafu, na aliponiona nimeshtuka, akajua ni kitu.

"Hiyo ni oliginal, bana," akaniambia akitoa raba haraka haraka. "Ya balafu kabisa."

Nikampigia Shiku nikiwa na furaha. Akasema, "Isimamishe kando ya Baba. Iishie kidevuni, isizidi pua sana."

Ilimpita Mzee kichwa. Halafu chuma ya pembeni ilikuwa imeliwa na kutu, na vile vya kushika miguu havikuwepo. Shiku akacheka. "Mwambie Wafula arudishe raba zake." Wafula alinuna dakika mbili hivi, halafu akarudisha.

Lakini viatu alikuwa navyo, pea mbili, zile nene za kufunga kamba mpaka juu. Hapo Mzee na Shiku wakaanza vita kwa simu. Mzee alitaka kubwa, vile mtu hununua gumboot.

"Lazima kuwe na nafasi ya soksi mbili."

"Baba, soksi ni moja. Funga, halafu kunja magoti. Kisigino kikiinuka, hicho si kiatu chako."

Kwa kile kikubwa kisigino kikaruka. Kidogo kikamshika sawa. Mzee hakusema ameshindwa, aliniambia tu, "Lipa."

Tuliporudi, akakataa kufungasha. Ati hawezi kuamini nguo ambayo hajanyeshewa nayo. Kwa hivyo kesho yake nikampakia kwa pikipiki mpaka Kapsokwony, kule mlimani, mawingu yakiwa yamefunga. Mvua ilitupata vizuri. Mimi nilifika nimelowa mpaka nguo za ndani, Mzee amekauka kama unga. Vijana wa bodaboda wakamuuliza kama amekuja kurina asali.

Akasafiri.

Siku za kwanza Shiku alinitumia meseji fupi fupi. Wamesalimiana. Wanakula meza moja. Baba anaongea na watoto tu. Lukas anajaribu, Baba anamjibu "yes" na "thank you", basi.

Niliingiwa na wasiwasi. Mama naye akaacha kuuliza.

Halafu mchana mmoja simu ikaita, video call ya Shiku. Mama na mimi tukakaa jikoni tukaangalia.

Kweupe kila mahali, na koti la machungwa katikati. Mzee anajaribu kufunga kamba za viatu, lakini mgongo umekataa kuinama, na hizo nguo ni nene. Anajaribu tena. Hataki kuomba.

Lukas akaja. Akapiga magoti kwa theluji mbele yake akaanza kumfunga. Kamba kwa kamba, pole pole.

Mzee akayumba. Akaweka mkono kwa bega la Lukas asianguke.

Kamba zikaisha. Lukas akamaliza. Ule mkono haukutoka.

Mama akanishika kiganja.

Mengine yote ni kuanguka, wakuu. Alianguka mbele, akaanguka nyuma, akaanguka akiwa amesimama tu. Njoroge mdogo akimcheka, Mzee akicheka zaidi, na Lukas kila saa akimwinua kwa kwapa.

Kwa wale mtatumwa kununua hizi vitu: mwagia koti maji kabla hujalipa, hata ukifokewa. Kiatu kikushike kisigino. Pamba usivae ndani, ikilowa inakaa na baridi. Ubao kodisha. Na usidharau mtu mzima akikuambia anaenda kuteleza, labda kuna mahali anataka kufika na hajui njia ingine.

Jana Mzee amenitumia voice note. Hakuna salamu. "Kariuki, kijana anakuja mvua ya kupanda ikianza. Mguu wake ni mkubwa. Mtafutie gumboot."

Nimemuuliza Shiku, Lukas anavaa size kumi na tatu. Duka zote za Kitale mwisho ni kumi na moja.

Mwenye anajua pa kupata, kutoka hapa mpaka Bungoma, aniandikie hapo chini.